Ukomo wa Hedhi na Lawama za Kotisoli

Ukiingia kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama wanaokaribia miaka 50, hutakaa sana kabla hujakutana na neno kotisoli. Kitambi kimeota: kotisoli. Usingizi umekata saa nane za usiku: kotisoli. Nywele zinakatika, hasira ziko karibu, hamu ya tendo la ndoa imepotea, vyote vinapelekwa mlango huohuo. Maelezo yakiisha hufuata picha ya kopo la unga wa kijani, bei yake na namba ya kutumia pesa. Homoni inayotoka kwenye adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, imegeuzwa mchawi wa mtaa: jambo likitokea, mkosaji anajulikana kabla hata hajaulizwa.

Lawama hizo hazikuanza hewani, ndiyo maana biashara inakwenda. Kotisoli ya mwanamke anayeelekea kukoma hedhi inaweza kweli kupanda. Lakini kupanda huko ni kwa kiasi, hakuelezi sana jinsi anavyojisikia, na mara nyingi ni tokeo kuliko chanzo. Kinachomporomoshea hali ya maisha kinapita zaidi kwenye usingizi uliokatikakatika na kwenye mizigo inayoangukia umri ule. Tofauti hii ina gharama, kwa sababu anayeamini ugonjwa uko kwenye tezi za adrenali ataitafuta dawa ya tezi, na fedha yake itaishia kwenye kopo.

Mwili ukihisi hatari, adrenalini na noradrenalini huanza kazi ndani ya sekunde: moyo unadunda, viganja vinalowa. Kotisoli huja nyuma yake, baada ya dakika kadhaa, kwa njia ndefu zaidi. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari. Pituitari hutoa homoni iitwayo ACTH. ACTH ikizifikia adrenali, kotisoli humwagika kwenye damu. Huko huongeza sukari ya kutumia, hupunguza uvimbe wa ndani na kuuweka mwili macho. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha barua fupi kwenye jarida la Nature kuhusu panya waliopatishwa madhara yasiyofanana, kama baridi kali, majeraha na sumu. Miili yao ilibadilika kwa namna ileile, na adrenali zao zikakua. Fikra nyingi tulizo nazo leo kuhusu msongo zimeanzia kwenye barua ile, pamoja na kosa moja tulilolirithi: kudhani kwamba kila dhiki lazima iache alama yake kwenye adrenali, na kwamba ukiipima kotisoli umeipima dhiki.

Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba kotisoli ina ratiba. Hupanda kileleni kama nusu saa hadi dakika 45 baada ya mtu kuamka, kisha hushuka polepole mchana kutwa mpaka inapokuwa chini kabisa karibu na saa sita usiku. Kipimo kimoja cha damu kisichotaja saa hakina maana kubwa. Na mwanamke anayemeza vidonge vya estrojeni anaweza kupewa jibu la kutisha bure, maana estrojeni inayopita kwenye ini huongeza protini inayoibeba kotisoli kwenye damu. Jumla inaonekana kubwa, ilhali kotisoli huru inayofanya kazi mwilini haijazidi. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi haileti mkanganyiko huo.

Sasa ovari, zinazotengeneza estrojeni. Watu wengi huwaza estrojeni ikishuka taratibu kama maji ya mtungi unaovuja. Sivyo inavyokwenda. Katika miaka ya kuelekea ukomo hupanda na kushuka bila mpango, na kuna miezi inayoweza kuzidi hata viwango vya ujanani. Hedhi inaruka mwezi, inakuja mara mbili, inamwagika kupita kiasi, inapotea siku 60. Ukomo wenyewe hutambuliwa ukishapita: miezi 12 mfululizo bila damu, kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55. Mara nyingi kipindi cha vurugu ni kile cha kabla ya tarehe hiyo na miaka michache baada yake. Kwa kuwa haipothalamasi nayo ina vipokezi vya estrojeni, haishangazi kwamba mtikisiko wa ovari unasikika mpaka kwenye njia ya kotisoli.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi katika jambo hili ulitoka Seattle, Marekani. Mwaka 1990 Nancy Fugate Woods na Ellen Mitchell walianza kuwafuatilia wanawake wa makamo mwaka hadi mwaka, na baadaye baadhi yao wakawa wanatoa mkojo wa asubuhi ili upimwe homoni. Mwaka 2006 walitoa matokeo: kotisoli ilipanda wanawake walipotoka hatua ya mwanzo ya mpito na kuingia ile ya mwisho, hedhi inapoanza kuruka kabisa. Hapo ndipo wauzaji wa makopo huishia kusoma. Miaka mitatu baadaye timu hiyohiyo iliuliza swali lililobaki: nini hasa kinaambatana na kotisoli hiyo? Jibu likawa homoni nyenzake, estrojeni na FSH (homoni ya pituitari inayoziamsha ovari), na pia adrenalini na noradrenalini. Msongo walioueleza wanawake wenyewe haukuwa na uhusiano wa maana nayo.

Yafaa tusimame hapo kidogo. Mwanamke anasema amezidiwa na kotisoli yake haisemi hivyo; mwingine kotisoli imepanda na yeye anasema mambo ni shwari. Wapo wanaojibu kwamba kosa ni la kipimo, na kwamba tupime nywele, kwa kuwa nywele hukua karibu sentimeta 1 kwa mwezi na sentimeta 3 za karibu na ngozi huhifadhi kumbukumbu ya miezi mitatu. Ni hoja nzuri, ingawa nywele zilizotiwa dawa au rangi huyumbisha majibu, na sijui ni wanawake wangapi wa mjini kwetu wenye umri huo ambao nywele zao hazijawahi kuguswa. Hata kipimo kikitengemaa, bado tutakuwa tumepima homoni. Dhiki ya mtu haiko kwenye chupa ya maabara.

Usiku ndio unaoeleza zaidi. Mwanamke amelala. Ndani ya mwili wake joto linapanda kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi, kiasi ambacho hata kipimajoto cha nyumbani hakikioni. Kwa mwanamke asiye na fukuto, lile joto la ghafla la kipindi hiki, hilo si kitu: Robert Freedman wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, alipima na kukuta kwamba ubongo wake huvumilia badiliko la takriban nyuzi 0.4 kabla ya kuchukua hatua. Kwa mwenye fukuto, uvumilivu huo umebanwa ukakaribia sifuri. Basi ubongo unaona mwili unaungua. Mishipa ya ngozi inafunguka, uso na kifua vinawaka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Dakika chache baadaye amelowa, upepo wa feni unampiga, joto limeshuka kupita kiasi, anatetemeka. Anavuta kanga aliyoitupa. Ndipo kotisoli inapopanda: watafiti waliochukua damu wakati wa fukuto, miaka ya 1980, waliona ACTH na kotisoli zikifuata nyuma ya tukio. Kwa mpangilio huo wa saa, kotisoli haiwezi kuwa ndiyo iliyowasha.

Aliyewasha amepatikana ndani ya haipothalamasi. Mtafiti Naomi Rance wa Arizona aliona kwenye ubongo wa wanawake waliokwisha koma hedhi kundi la seli lililokuwa limevimba. Seli hizo hutumia kemikali iitwayo nyurokinini B, na estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizituliza. Estrojeni ikipungua zinachachamaa na kukibughudhi kituo cha joto kilicho jirani. Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa fezolinetanti, dawa inayoziba kipokezi cha kemikali hiyo, ikaidhinishwa Marekani mwezi Mei 2023. Si homoni, wala haikulenga adrenali, lakini fukuto hupungua. Noradrenalini nayo ina mkono wake. Klonidini, dawa ya zamani ya presha inayopunguza noradrenalini, ilionekana kupanua tena ule uvumilivu wa joto. Ukitaka homoni ya msongo ya kuihusisha na fukuto lenyewe, noradrenalini inastahili kuitwa kabla ya kotisoli.

Kisha kuna jaribio ambalo ningependa kila daktari alijue. Hadine Joffe na wenzake wa Boston waliwachukua wanawake vijana, wenye hedhi ya kawaida, wakawalaza maabara na kuwaamsha mara kwa mara kwa kengele, kuiga usiku wa mwenye fukuto. Baadaye wakazima ovari zao kwa muda kwa sindano, wakarudia. Usingizi uliokatwakatwa peke yake ulitosha kupandisha kotisoli ya wakati wa kulala na kukifanya kile kilele cha asubuhi kiwe dhaifu. Ratiba ilivurugika: imezidi usiku inapotakiwa kushuka, imefifia asubuhi mtu anapotakiwa kunyanyuka. Mtu wa namna hiyo huamka amechoka na usiku macho makavu, na akipimwa ataambiwa kotisoli ndiyo inayomkosesha usingizi.

Je, msongo hauna kazi yoyote hapa? Unayo, tena kubwa. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama SWAN ulioanza miaka ya 1990 uliwafuatilia wanawake 3,302 wa asili tano. Kati ya waliopata fukuto la mara kwa mara, muda wa kati ulikuwa miaka 7.4, kwa wanawake weusi ulifika miaka 10.1. Walioanza wakiwa na msongo zaidi, wasiwasi, dalili za sonona au elimu ndogo ndio walioumia muda mrefu zaidi. Lakini msongo uliopimwa hapo ni ule uliosemwa kwa mdomo, wa mtu na maisha yake.

Nchini Uingereza Myra Hunter na wenzake waliwafundisha wanawake namna ya kuyakabili mawazo yanayokuja na fukuto, kupumua taratibu na kuurudisha usingizi. Matokeo yao ya 2012 yalionyesha kwamba idadi ya mafukuto haikubadilika sana, bali kiasi cha kusumbuliwa nayo kilishuka, na kikabaki chini miezi kadhaa baadaye. Kumbe mwili unaweza kuendelea kuwaka na maisha yakawa nafuu. Mtu asiyependa matokeo kama hayo atasema ni kujidanganya. Mimi naona ndiyo maana halisi ya ubora wa maisha.

Dodoso zenyewe zinazotumika kupima ubora huo zina walakini. Lile la Kijerumani, MRS, lina vipengele 11. La Toronto, MENQOL, lina maswali 29. Yanauliza juu ya joto, jasho, usingizi, mapigo ya moyo, maumivu ya viungo, uchovu, hasira, ukavu ukeni. Chukua mama ntilie wa miaka 49 kwenye kibanda chochote pale Buguruni, Dar es Salaam. Anaamka saa kumi alfajiri kuinjika maharage. Mpaka saa sita mchana amekaa kati ya majiko mawili ya mkaa, na uso ukimwaka hajui kama ni sufuria au ni yeye. Anajifuta kwa ncha ya kanga, anaendelea kupakua wali. Jumatano ni siku ya kikoba na hana hisa. Upande mwingine kuna marejesho ya mkopo wa kausha damu, na yule kijana wa mkopo huja na pikipiki akasimama palepale wateja wanapokula. Nyumbani kuna mjukuu aliyeachiwa na binti aliyekwenda kutafuta kazi. Kijijini kuna mama mzazi mwenye kisukari anayesubiri atumiwe pesa ya dawa. Mpe MRS ajaze: uchovu, ndiyo, viungo, ndiyo, usingizi, hapana kabisa, hasira, usimuulize. Atapata alama za juu na ripoti itaandika dalili kali za ukomo wa hedhi. Hakuna swali hata moja linalomhusu yule kijana wa pikipiki.

Sisemi dalili zake si za kweli. Nasema dodoso limechanganya moto wa aina tatu, wa jiko, wa fukuto na wa madeni, na bila kuutenganisha atapewa tiba isiyo yake. Kwa kawaida hata hafiki kwenye dodoso. Anafika zahanati akisema ana homa za usiku, anapimwa malaria, haipo. Anapimwa presha, imepanda kidogo. Anaambiwa apunguze mawazo. Akimweleza wifi yake ataambiwa huenda ni mimba ya mwisho. Pwani tuna makungwi na masomo wa kumfunda mwari anapovunja ungo, wakamweleza damu, usafi, ndoa na mengine yasiyotajwa mchana. Mwisho wa damu hiyohiyo hauna ngoma wala somo. Kila mwanamke anauvumbua upya, mara nyingi akidhani anaumwa.

Na uzoefu wenyewe haufanani duniani. Margaret Lock, aliyechapisha mwaka 1993 kitabu juu ya wanawake wa makamo wa Japani, aliwakuta wakilalamikia mabega yaliyokaza na kichwa zaidi kuliko joto. Yewoubdar Beyene, mtafiti mzaliwa wa Ethiopia, aliwakuta wanawake wa Kimaya wa Yucatán, Meksiko, wasiotaja fukuto kabisa, ilhali wenzake waliowapima homoni baadaye waliona estrojeni imeshuka kama ya mwanamke mwingine yeyote. Chakula, uzazi mwingi, hali ya hewa, aibu ya kusema, yote yamependekezwa kuwa sababu, wala sidhani kuna moja inayotosha. Lakini hadhi nayo ni kitu. Wanawake wa Kimaya walimwambia Beyene wanaungoja ukomo kwa sababu unawaweka huru. Kwetu mwanamke Mwislamu aliyekoma hedhi hafungui tena katikati ya Ramadhani wala hana siku za kulipa. Anafunga mwezi mzima na swala haikatiki. Wapo wanaolitaja hilo kwa furaha dhahiri, hata yule ambaye fukuto limemkamata saa tisa alasiri na maji haruhusiwi.

Kabla sijatoka kwenye kotisoli, kuna mlango mmoja ambao kweli inaingilia na kuleta maafa, nao hautajwi kwenye makundi. Sababu inayoongoza ya mwili kuzidiwa na homoni za aina ya kotisoli ni steroidi zinazotoka nje, si adrenali za mtu mwenyewe. Mkorogo mwingi wa kung'arisha ngozi una klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali zinazopenya ngozi zikaingia kwenye damu. Vidonge vya deksamethasoni navyo hununuliwa bila cheti ili mtu anenepe. Mtumiaji wa muda mrefu huvimba uso, hujaa tumbo huku mikono na miguu ikikonda, presha na sukari hupanda, mifupa hudhoofika. Akiwa na miaka 50 hayo yote yanakuja juu ya mifupa ambayo estrojeni imekwisha iacha mkono. Tena kuacha ghafla ni hatari, kwa kuwa adrenali zilizolazwa kwa miaka haziamki siku moja. Ni lazima apunguze akiwa chini ya daktari. Mwanamke anayeuziwa unga wa kuondoa kotisoli na huku anapaka mkorogo kila usiku amezungukwa pande zote mbili.

Tukiukubali mpangilio huu wa fukuto, usingizi na kotisoli, tiba nazo zinajipanga upya, na fukuto linalokata usingizi linatangulia. Homoni bado ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote kwa fukuto. Hofu yake ilitokana hasa na utafiti wa Marekani wa WHI, ambao mwezi Julai 2002 ulisimamisha sehemu ya estrojeni na projestini baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti. Waliokuwemo walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wakiwa mbali na ukomo. Uchambuzi uliofuata umewafanya wataalamu wengi waseme kwamba kwa mwenye chini ya miaka 60, au asiyepitisha miaka 10 tangu ukomo, na asiye na historia ya saratani ya matiti, kuganda kwa damu au kiharusi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Mwenye kizazi lazima apewe projestini pamoja na estrojeni. Estrojeni peke yake huukuza ukuta wa kizazi na kukaribisha saratani. Kwa asiyeweza homoni, dawa kadhaa za sonona kama venlafaksini hupunguza fukuto. Krimu ya estrojeni ya ukeni nayo huondoa ukavu na maumivu ya tendo bila kuingia sana kwenye damu. Hilo la ukavu huvunja ndoa kimyakimya, na kulilaumu penzi lililopoa ni kumwonea mtu.

Damu nayo. Katika kipindi cha mpito wanawake wengi hutokwa na damu nyingi, hasa wenye uvimbe kwenye kizazi, na uchovu unaoitwa wa homoni mara nyingi ni upungufu wa damu wa kawaida kabisa, unaoonekana kwa kipimo cha bei ndogo. Damu itakayorudi baada ya miezi 12 bila hedhi ni jambo la kwenda hospitali wiki hiyohiyo, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani.

Mengi ya haya yanawezekana kwenye zahanati iliyopo leo. Mwanamke wa umri huu hufika pale mwenyewe, kwa presha, kwa sukari au akimleta mjukuu. Muuguzi anayemfunga mkanda wa presha angeweza kumuuliza analala saa ngapi na nini kinamwamsha, damu yake inakwendaje, na anapaka nini usoni. Majibu ya maswali hayo yangemwonyesha nani apewe dawa ya fukuto, nani atibiwe upungufu wa damu, nani aachishwe mkorogo polepole, na nani ambaye tatizo lake ni marejesho ya kausha damu na anahitaji afisa maendeleo ya jamii kabla ya daktari. Kipimo cha kotisoli kingebaki kwa wale wachache wenye uso uliovimba na michirizi ya zambarau tumboni, ambao ndio waliowekewa kipimo hicho tangu mwanzo.